Nyundo Ngumu, Ukumbi wa Mabati

Ukipita Jogoo Road Jumapili asubuhi, kuanzia Makongeni na Kaloleni hadi kule Donholm, utaisikia kwaya kabla hujaliona kanisa. Eastlands inaimba, na inaimba kwa nguvu. Ala zake za kila wiki ni ngoma, kayamba na kinanda cha umeme. Piano ya kweli, yenye mbao na nyaya, ni nadra, na hizo chache zilizopo mara nyingi zinalia vibaya hata baada ya kutyuniwa. Mtu anakuja na ufunguo wake, anakaza nyaya zaidi ya mia mbili, noti zinakaa mahali pake, na bado sauti ni kavu, kali, ya kuchosha. Hapo wengi husema piano imezeeka, basi ifunikwe kitambaa na kuwekewa maua juu.

Mara nyingi kilichozeeka ni nyundo tu: vile vipande 88 vya mbao vilivyovikwa felti, yaani sufu iliyoshindiliwa, ambavyo ndivyo pekee vinavyogonga waya mtu anapopiga. Zichaguliwe nyundo za namna gani, na zifanywe nini ili zitoe sauti nzuri? Watu wanaoipenda piano hawakubaliani, na kutokubaliana kwao kuna faida. Mjadala huu nimeupanga mimi mwenyewe, na wasemaji nimewaita kwa kazi zao. Mahali ni ukumbi wa kanisa wa kawaida wa mitaa yetu: kuta za mawe, sakafu ya saruji, paa la mabati lisilo na dari. Piano ni ya kusimama, na ina umri mkubwa kuliko wengi wanaoipiga.

MWALIMU WA KWAYA: Mimi nataka isikike, basi. Kwaya ina sauti nne, ngoma na kayamba. Piano laini itazama humo ndani hata anayeipiga asijisikie. Kama tunanunua nyundo mpya, tununue ngumu.

FUNDI: Mwalimu, kusikika ni kitu kimoja na kukwaruza ni kingine. Hiyo uliyo nayo ni ngumu tayari. Tazama utosi wa nyundo hizi: nyaya zimechimba mifereji mitatu, felti imebanana mpaka inang'aa. Unaisikia, ndiyo, lakini hakuna mtu anayetaka kuisikia.

KIJANA WA STUDIO: Na mimi nauliza, kwa heshima, kwa nini tunasumbuka? Kinanda cha umeme kina piano kumi ndani, hakityuniwi, hakiliwi na nondo. Wengi wetu tunakaa kwenye fleti Umoja na Pipeline, jirani yuko ukutani. Usiku unavaa vipokea sauti unafanya mazoezi bila kugombana na mtu. Mzee, hizi nyundo ni mapenzi ya zamani.

MHAZINA: Kabla hamjafika mbali, nielezwe kwanza nyundo inafanya nini. Siwezi kusimama mbele ya kamati na kuomba pesa za kitu nisichokielewa.

Mhazina ameanzia mahali panapofaa. Watu wengi huzungumzia sauti ya piano wakitazama mbao za nje na jina lililoandikwa kwa dhahabu juu ya vibonyezo. Jina halitetemeshi waya.

FUNDI: Mama, ukibonyeza, nyundo inarushwa, inagonga waya, inarudi. Muda inaokaa kwenye waya ni sehemu chache za elfu ya sekunde kwa noti za besi, na kwa noti za juu kabisa haifiki hata sehemu moja ya elfu. Lakini katika muda huo kila kitu kinaamuliwa. Waya hautoi sauti moja. Unatoa sauti ya msingi, na juu yake sauti nyembamba nyingi zinazopanda ngazi kwa ngazi. Nyundo laini inakawia kidogo na kuzituliza zile nyembamba. Nyundo ngumu inaruka upesi na kuziacha zote zipige.

MHAZINA: Kwa hiyo laini ndiyo nzuri?

FUNDI: Hapana. Laini ikizidi, sauti inakuwa ya blanketi, haina mwanzo. Nzuri ni ile inayobadilika. Felti yenye afya ukiigusa taratibu inaitikia kwa ulaini. Ukiipiga kwa nguvu, nyuzi za sufu zinabanana na inakuwa ngumu papo hapo. Ndiyo maana kwenye piano nzuri mtu akipiga kwa nguvu huisikii ikiongezeka tu, unaisikia inang'aa. Hii yetu imebanana moja kwa moja. Upige polepole, upige kwa hasira, rangi ya sauti ni ile ile.

Kwangu hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kijana anayejifunza kwenye piano ya nyundo zilizokufa hajifunzi kusikiliza, kwa sababu hakuna cha kusikiliza: mkono wake unasema mambo matano na ala inajibu neno moja. Baada ya mwaka anazoea kugonga. Halafu tunamlaumu kwamba hana hisia. Ninaona huo ni uonevu.

KIJANA: Sawa, hiyo naikubali. Lakini kinanda cha umeme kizuri nacho kinabadilika ukipiga kwa nguvu. Sauti zake zilirekodiwa kutoka piano kubwa za tamasha, noti moja moja, kwa nguvu tofauti.

FUNDI: Na hizo piano za tamasha, kijana wangu, nani alizitia sindano kabla ya kurekodiwa?

KIJANA: Fundi wao, bila shaka.

FUNDI: Kwa ukumbi upi?

KIJANA: Wa kwao.

FUNDI: Basi mtu mwingine alishakuchagulia sauti, kwa ajili ya chumba ambacho hutakiingia kamwe. Unaileta hapa chini ya mabati na unaipitisha kwenye spika. Si mbaya, mimi mwenyewe nimeipiga. Ila hakuna mahali pa kuishika na kuirekebisha. Na stima ikipotea katikati ya wimbo?

KIJANA: Stima ikipotea tunaimba bila ala. Tumezoea.

Kijana asidharauliwe. Kinanda cha umeme kimefundisha watu wengi zaidi katika mitaa hii kuliko piano zote za Nairobi pamoja. Lakini hoja ya Fundi kuhusu ukumbi naiona nzito, na ndiyo inayomrudisha Mwalimu kwenye meza.

MWALIMU: Hapo kwenye ukumbi umenigusa. Tukifanya mazoezi jioni tukiwa wachache, piano inaniumiza masikio. Jumapili ukumbi ukijaa, inapungua ukali.

FUNDI: Kwa sababu watu wanameza sauti. Nguo, miili, watoto mgongoni, vyote vinakula zile sauti nyembamba za juu. Saruji na mabati havili kitu, vinarudisha. Nikija Jumanne asubuhi peke yangu nikalainisha mpaka sikio langu liridhike, Jumapili utaniambia imekufa.

MWALIMU: Kwa hiyo ungeifanya lini?

FUNDI: Kwaya ikiwepo. Mnaimba, mnapumzika, mimi natia sindano mbili tatu, mnaimba tena.

MHAZINA: Hizo sindano mnazozitaja, ni za nini hasa?

Fundi hapa anatoa kijishikio cha mbao chenye sindano tatu fupi zilizopangwa safu moja. Ni kifaa cha kawaida kwa mafundi wa piano dunia nzima, na hakuna ufundi wowote wa ajabu katika kukitengeneza. Ufundi uko katika mahali pa kuchoma. Nyundo ina utosi, pale inapogonga waya, na ina mabega mawili. Sindano zinaingia mabegani kwa kina, zikielekea kwenye mbao ya katikati, ili felti ilegee na kupata uwezo wa kujikunja na kurudi. Utosi wenyewe hauchomwi hivyo. Ukiuchoma kwa kina, nyundo inapoteza kifua chake na noti inabaki kunong'ona.

FUNDI: Lakini sindano si kazi ya kwanza. Kwanza itafutwe noti inayotofautiana na jirani zake kwa sababu nyingine kabisa. Skrubu iliyolegea. Nyundo inayoyumba kwenye ekseli yake. Nyaya tatu za noti moja ambazo hazikai usawa, nyundo ikafikia mbili na kuipitia juu juu ya tatu. Naisogeza nyundo mpaka iguse nyaya, naikwaruza kila moja kwa ukucha. Ile inayolia wakati nyingine zimenyamaza, ndiyo ambayo nyundo haijaifikia. Uiache hivyo ulainishe felti, utakuwa umetibu mguu wakati jino ndilo linalouma.

MWALIMU: Halafu?

FUNDI: Halafu msasa. Ukanda mwembamba wa msasa, kutoka begani kuelekea utosini, kuondoa ile mifereji na kurudisha umbo la yai. Utosi ukiwa bapa unagusa sehemu kubwa mno ya waya. Mara nyingi nusu ya ukali wote unaondoka kwa msasa peke yake, na hujachoma kitu.

MHAZINA: Nina swali moja. Katika haya yote, kipi ukikikosea hakirudi?

FUNDI: Karibu vyote, Mama. Felti iliyosagwa na msasa haioti tena. Sindano zikizidi, nyundo inalegea. Dawa ya kugandisha ikishaingia, haitoki kirahisi.

Naomba wasomaji washike swali hilo la Mhazina. Nimesoma maelezo mengi ya mafundi kuhusu nyundo, na wengi wanaeleza namna ya kufanya bila kueleza mahali pa kuachia. Kazi ya nyundo inaenda upande mmoja tu, na mkono wenye haraka huimaliza felti kabla sikio halijaamua.

KIJANA: Dawa ya kugandisha ni ipi tena?

FUNDI: Laka au shelaki, kama ile wanayotumia maseremala wa fanicha, iliyozimuliwa sana. Unadondoshea begani, inaingia kwenye sufu, ikikauka nyundo inakuwa ngumu zaidi. Hapa ndipo ulimwengu umegawanyika. Wapo wanaoanza na nyundo iliyoshindiliwa sana, kisha wanailegeza kwa sindano. Wapo wanaoanza na nyundo laini, kisha wanaikaza kwa laka. Steinway, hao watengeneza piano, wana viwanda viwili, New York na Hamburg. New York ni watu wa laka kwa desturi, Hamburg ni watu wa sindano. Jina moja, njia mbili.

MWALIMU: Na wewe?

FUNDI: Mimi niko na Hamburg. Sindano naihesabu: nimechoma mara ngapi, wapi, kwa kina gani. Laka inajiendea yenyewe ndani ya sufu, na mwaka unaofuata inaendelea kukaza. Na vumbi letu la hapa likichanganyika nayo, sipendi kusema.

Hapa sikubaliani naye kikamilifu. Kwenye noti za juu kabisa, ambako felti ni nyembamba na waya ni mfupi mno, matone machache ya laka iliyozimuliwa yanaweza kuokoa nyundo iliyolegea, na mafundi wazuri wa pande zote mbili hufanya hivyo. Lakini kwa piano isiyo na fundi wa kudumu, msimamo wake una busara: shikamana na njia unayoweza kuiendesha pole pole.

KIJANA: Mzee, nami niseme la kwetu. Kariokor pale wanashona ngozi ya kila aina. Kwa nini tuagize felti Ulaya? Tuzivike nyundo ngozi.

MHAZINA: Hilo nalo ni wazo. Litatuokolea pesa.

FUNDI: Wala si wazo la kijinga. Piano ilianza na ngozi. Bartolomeo Cristofori wa Florence, aliyeibuni mnamo 1700, nyundo zake zilikuwa na ngozi juu ya karatasi iliyoviringwa. Waliomfuata kwa zaidi ya miaka mia moja walitumia ngozi, hata ya paa. Lakini piano zao zilikuwa na nyaya nyembamba zilizolegea. Nyaya zikazidi unene, zikakazwa zaidi na zaidi, leo mvuto wote ndani ya piano moja unafika tani 18 na kupita. Ngozi ikawa ngumu upesi, sauti ikawa ya kigongo. Mwaka 1826 kule Paris, Henri Pape akasajili hataza ya nyundo za felti, na alianza na felti ya watengeneza kofia. Tangu hapo hatujarudi nyuma.

KIJANA: Basi felti yetu wenyewe. Nyandarua na Molo kuna kondoo wa sufu, hata merino.

FUNDI: Sufu ipo. Kilichobaki ni kushindilia. Felti ya nyundo inatengenezwa ukanda mzima, mnene upande wa besi na unaopungua hadi mwembamba upande wa juu. Unabandikwa kwa gundi juu ya mbao ndefu ndani ya mashine yenye nguvu kubwa, halafu unakatwa slesi slesi kama mkate, nyundo moja moja. Ndiyo maana nyundo jirani zinafanana tabia. Ukizitengeneza moja moja, utapata nyundo 88 zenye tabia 88.

Kijana ananyamaza, lakini wazo lake sitaki lizikwe. Kamukunji wanafua chuma kwa mkono mpaka kinakuwa sanduku na jiko. Mashine ya kushindilia felti haiwazidi watu hao akili. Kinachokosekana ni soko la kuilipia, na kwa piano chache tulizo nazo soko hilo halipo bado.

MWALIMU: Tuseme felti imekwisha, msasa umefika kwenye mbao. Tunachaguaje mpya?

FUNDI: Kwa vipimo, kabla ya sifa. Wapo Abel na Renner kule Ujerumani, huyo Renner tangu 1882, na wapo Wajapani. Wote ni wazuri. Lakini mtu hatumi barua kusema niletee nyundo za piano. Unawapelekea nyundo zako za zamani kama sampuli, wapime urefu, pembe ya tundu, unene. Na uzito, hasa uzito. Nyundo za besi zinakaribia gramu kumi, za juu ni nusu ya hapo au pungufu. Ukiongeza gramu moja kwenye nyundo, kidole kinaisikia mara kadhaa kwenye kibonyezo, kwa sababu ya mitambo iliyo katikati.

MWALIMU: Kwa hiyo nyundo nzito ngumu niliyokuwa naitaka...

FUNDI: Ingekupa sauti kubwa, na watoto wako wangeshindwa kuibonyeza. Mtoto wa miaka tisa angeikimbia baada ya wiki mbili.

MWALIMU: Hilo sikulifikiria. Lakini bado sikubali ulainishe piano nzima. Kuna nyimbo ambazo mkono wa kulia lazima ukate juu ya kwaya.

FUNDI: Sauti za kwaya yako ziko wapi kwenye vibonyezo?

MWALIMU: Katikati. Besi wanashuka kidogo chini, soprano wanapanda kidogo.

FUNDI: Basi hapo katikati ndipo piano inapogombana na watu. Nipe hapo nilegeze mabega vizuri, waimbaji wapate nafasi. Oktava mbili za juu naziacha na ukali wake, ninazipa msasa tu. Mkono wako wa kulia utakata.

Nampenda Fundi kwa jibu hili kuliko mengine yote. Vitabu vya kazi hii vinasisitiza piano iwe sawasawa kutoka mwisho hadi mwisho, kila noti ikimfuata jirani bila kuruka. Kwa mpigaji wa peke yake katika ukumbi wa tamasha ni sawa. Lakini piano ya Eastlands kazi yake kubwa ni kubeba sauti za watu, na haki yake ya kwanza ni kwao. Mpito kati ya laini na kali ufanywe taratibu, noti kwa noti, usisikike kama mpaka. Wasomi watanung'unika.

MHAZINA: Nimeelewa sasa. Swali langu ni la mwisho. Wewe Mzee ukimaliza, nani ataitazama mwezi wa sita, mvua ikishakwisha na mbao zimevimba? Nani Januari, zikikauka? Tukulipe kila mara?

FUNDI: Mnilipe mara ya kwanza. Baada ya hapo mtu wa hapa hapa.

KIJANA: Hakuna mtu wa hapa hapa, Mzee. Kenya Conservatoire iko mjini tangu 1944, na huko watu wanakwenda kujifunza kupiga. Kutengeneza ni siri ya wachache.

MWALIMU: Korogocho je? Miaka ile Art of Music Foundation ya Elizabeth Njoroge ilipoanzisha mradi wa muziki wa Ghetto Classics katika uwanja wa kanisa la St. John's, watu walisema watoto wa karibu na jalala la Dandora hawatashika fidla. Leo waliotangulia wanawafundisha wadogo zao. Kama mkono wa Korogocho unaweza kushika fidla, unaweza kushika sindano.

Hapo Mwalimu amesema lililo moyoni mwangu. Tumezoea kuomba ala, na mara chache tunaomba ujuzi wa kuzitunza. Ala iliyotolewa kwa hisani bila fundi wa jirani ina miaka michache tu ya kuishi. Vumbi, nondo na mikono vitaifikia, kisha itasukumwa pembeni pamoja na viti vilivyovunjika. Kijana mwenye sikio la studio, anayejua kusikia kosa dogo katika rekodi, ameshafika nusu ya njia ya kuwa fundi wa nyundo. Hajaambiwa tu.

FUNDI: Wewe, mwanangu, unayesema ni mapenzi ya zamani. Cheza noti hii, halafu hii inayofuata. Ipi ni kavu?

KIJANA: Ya pili. Na ina kitu kinachocheza ndani, kama chuma.

FUNDI: Skrubu. Wengine hawaisikii hiyo. Nina seti nzima ya nyundo zilizotolewa kwenye piano iliyovunjwa. Utaanza kuharibu hizo kwanza, msasa na sindano, mpaka mkono ujue kina. Hii ya kanisa huigusi kabla.

KIJANA: Na studio yangu?

FUNDI: Njoo siku za mazoezi ya kwaya peke yake. Leta chaki ya kutia alama. Sindano utazikuta kwangu.

MWALIMU: Nitakupa na binti mmoja wa alto. Ana sikio zuri kuliko mimi.

MHAZINA: Basi niandike hivi: kazi ya Fundi, msasa, sindano, na nauli ya wanafunzi wawili. Nyundo mpya nitazitengea pesa kidogo kidogo kila mwezi, na sitazinunua mpaka hao wawili waniletee vipimo walivyopima wenyewe.